Kiti cha Saluni na Nywele za Binti Yangu

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili 2020 nilimwinamisha binti yetu kwenye beseni la bafuni ili nimwoshe nywele. Alikuwa na miaka 10. Saluni zote za hapa New York zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nami nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimelala saa tatu tu, macho bado mazito. Nilimpaka shampuu, nikasuuza, nikangoja nywele zijikunje kama zilivyofanya tangu alipozaliwa.

Pale kwenye mashina zilijikunja. Lakini kuanzia katikati hadi kwenye ncha zililala, zimenyooka na kulegea kama nyuzi za mkonge zilizoloweshwa. Nilimimina maji mara ya pili, na mara ya tatu. Hazikurudi.

Mimi ni muuguzi kwa zaidi ya miaka 20. Kazi yangu ni kuona dalili mapema, kabla ugonjwa haujakomaa. Dalili hii ilikuwa nyumbani mwangu, juu ya kichwa cha mwanangu mwenyewe, na mimi niliyekuwa nikimpeleka saluni kila baada ya wiki mbili sikuiona. Ndiyo sababu nimeshika kalamu leo, akina mama wenzangu, niwasimulie habari ya saluni za Wadominika, uzuri wake na ubaya wake, pamoja na jambo moja nililojifunza ambalo halihusu nywele peke yake.

Tulivyofika huko

Mimi na mume wangu tulihamia Marekani mwaka 2009, nikiwa na stashahada yangu ya uuguzi niliyoipata nyumbani Tanzania. Nilifanya mtihani wa leseni, nikapata kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Binti yetu alizaliwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Tunaishi Bronx, upande wa kaskazini wa jiji, na kila Jumapili nafundisha watoto katika ibada yetu ya Kiswahili.

Mungu alimjalia mtoto huyu nywele nyingi ajabu, nyeusi, za kipilipili. Zikiwa zimekauka ungedhani ni fupi. Ukizivuta zinafika begani. Mama yangu mzazi kule Tanga angefurahi kuzishika. Yeye alitusuka sisi binti zake wanne kila Jumamosi alasiri, mkekani, kichwa katikati ya magoti yake: wiki hii mabutu, wiki ijayo twende kilioni. Nami nilijaribu kufanya vivyo hivyo. Lakini mama yangu hakuwa akitoka zamu ya saa 12. Mimi nilikuwa nikisuka huku nasinzia, mtoto akilia, nami nikisema maneno ambayo nitayaeleza baadaye, kwa maana yana sehemu yake katika habari hii.

Mwaka 2018 muuguzi mwenzangu, Mmarekani mweusi, alinionea huruma. "Mpeleke kwa Wadominika," akaniambia. "Ni saa mbili tu, halafu kwa wiki mbili huna habari ya kitana."

Wadominika ni akina nani?

Msomaji asije akadhani nazungumzia watawa wa Mtakatifu Dominiko! Hawa ni watu wa Jamhuri ya Dominika, nchi iliyo katika kisiwa kimoja na Haiti, kwenye bahari ya Karibi. Lugha yao ni Kihispania. Wengi wao ni wa damu mchanganyiko, ya Kiafrika na ya Kizungu, hivyo katika familia moja utakuta nywele za kila namna, na wasusi wao wamezoea kichwa cha kila aina. Tangu miaka ya 1960 wamehamia New York kwa wingi, hasa katika mtaa wa Washington Heights, ng'ambo ya mto kutoka kwetu Bronx. Ukitembea huko karibu na barabara ya 181, ni saluni baada ya saluni. Mafundi hao walipata sifa kwa kunyoosha nywele kwa maji, rola na upepo wa moto, bila kutumia dawa. Wanawake weusi wa Marekani wakawafuata, na leo saluni za namna hiyo ziko katika miji mingi ya mashariki mwa nchi hii.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza unaoshwa kwa shampuu, kisha unapakwa mafuta mazito ya kulainisha, na ukitaka unakaa nayo kwenye joto kwa robo saa, halafu yanasuuzwa. Nywele zikiwa bado zimelowa, msusi anachukua fungu moja moja, analivuta, analizungusha kwenye rola kubwa ya plastiki na kulibana. Unaingizwa chini ya draya, ile kofia kubwa ya joto, kwa muda wa saa nzima hivi. Rola zikitolewa, nywele zimekwisha kunyooka kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo inapoingia mashine ya mkono. Msusi anashika brashi ya mviringo mkono mmoja, na mkono wa pili mashine ya upepo wa moto, anavuta kutoka kwenye shina mpaka kwenye ncha, anarudia, na kurudia tena, mpaka nywele ziteleze kama hariri. Mwisho anazizungusha kichwani kama kilemba na kuzibana kwa pini. Mtindo huo wanauita tubi. Usiku unafunga kitambaa juu yake. Asubuhi unafungua, nywele zinakuangukia mabegani.

Siku ile ya kwanza binti yetu alipojiona kwenye kioo aliziba mdomo kwa mikono miwili. Msusi wetu, mama wa makamo mwenye mikono myepesi, alimbusu utosini na kumwita "mi amor", yaani mpenzi wangu. Nililipa dola 30 na bakshishi ya dola 5. Nilitoka mle nikimshukuru Mungu.

Uzuri wake

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Saluni hizi zilinifaa, na zinawafaa wengi, kwa hiyo nitaanza na mema yake.

Jema la kwanza ni kwamba nywele hunyooshwa bila dawa. Dawa ya kunyooshea nywele, hasa ile yenye magadi makali ya sodiamu haidroksaidi, hubadilisha unywele moja kwa moja, na ikikaa kupita kiasi huunguza ngozi ya kichwa. Wengi wetu tuna makovu ya miaka ya usichana. Tena mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliowafuata wanawake zaidi ya 33,000. Wale waliotumia dawa za kunyooshea zaidi ya mara nne katika mwaka walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi kwa wingi kuliko wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa, lakini kwangu mimi, mama wa binti, unatosha kuwa onyo. Rola na maji hazina kemikali hiyo.

Jema la pili ni muda. Mama anayefanya kazi, anayepika, anayewaandaa watoto kwa shule na kuhudumu kanisani, akirudishiwa saa nne za wiki yake amepewa zawadi. Sioni haya kusema hivyo.

Jema la tatu ni usafi. Baadhi yetu tukishasuka hukaa miezi miwili bila maji kugusa kichwa, mba ikajaa na kuwasha. Kule saluni kichwa kinaoshwa mpaka ngozi inapumua, vifundo vinafunguliwa kwa utaratibu, na ncha zilizochakaa zinapunguzwa.

Na jema la nne msicheke: ni pumziko. Usiku kucha nimegeuza wagonjwa na kuwaogesha. Asubuhi mtu mwingine ananiinamisha, ananiosha kichwa mimi, kwa maji ya vuguvugu, bila kuniuliza chochote. Kuna siku nililia pale, na hakuna aliyejua kwa kuwa uso ulikuwa umelowa.

Ubaya wake

Sasa niongee kama muuguzi. Unywele unaouona ni kitu kisicho na uhai. Kilicho hai ni shina lililo ndani ya ngozi. Umetengenezwa kwa protini iitwayo keratini, na juu yake umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Unywele ukilowa, baadhi ya viunganishi vya ndani hulegea. Ukiukausha ukiwa umevutwa, hubaki katika umbo lile la kuvutwa mpaka maji yaurudie. Ndiyo siri ya rola. Kufikia hapo hakuna madhara makubwa.

Madhara huja joto linapozidi. Magamba huinuka na kuvunjika, keratini yenyewe huharibika, na unywele husahau umbo lake. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu ngozi ni hai. Unywele ulioungua haponi; hakuna mafuta wala mayai wala parachichi litakaloufufua, hata kama chupa imeandikwa hivyo. Dawa yake ni mkasi. Tena kichwa cha binadamu huota takriban sentimeta moja kwa mwezi. Basi unywele uliofika begani ni wa miaka miwili au zaidi, na ncha zake zimepita chini ya ile mashine kila safari. Mwanangu alipita chini yake kila baada ya wiki mbili kwa karibu miaka miwili.

Nywele zetu zina udhaifu wake pia. Kila mahali unywele unapojipinda ni mahali pepesi pa kukatikia, na mafuta ya asili ya ngozi hayateremki kwa urahisi hadi kwenye ncha kama katika unywele ulionyooka. Ndiyo maana hukauka upesi na hutaka mkono wa upole. Brashi ya mviringo ikivutwa kwa nguvu kwenye paji la uso na karibu na masikio huweza kunyonyoa mashina. Dalili zake ni maumivu, vipele vidogo na nywele kupungua pembezoni. Ukiacha mapema huota tena. Ukiendelea miaka na miaka, shina hufa na pale pakabaki upara. Nimeona wazee wengi wanawake kazini kwangu wenye paji lililorudi nyuma hivyo.

Kisha kuna gharama. Dola 35 mara 26 kwa mwaka ni dola 910. Sikuwahi kuzijumlisha mpaka saluni zilipofungwa. Mwaka ule ule nilikuwa nimemwandikia dada yangu kwamba sina uwezo wa kumsaidia ada ya mtoto wake.

Hasara ya mwisho ndiyo niliyochelewa zaidi kuiona. Nywele zilizonyooshwa kwa joto ni adui wa maji. Mvua ikinyesha ni kukimbia, jasho likitoka ni kulalamika. Binti yetu alipenda kuogelea kuliko mchezo wowote. Mwishoni mwa 2018 aliniambia hapendi tena. Nikasema watoto hubadilika. Nilimfutia jina kwenye darasa la kuogelea kwa mkono wangu.

Neno la siku ile

Turudi bafuni. Nilikuwa bado nimeshika jagi la maji. Nilimwambia, "Mwanangu, nywele zako zimeungua." Akajibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayesema jambo linalojulikana na wote: "Si zilikuwa mbaya tangu zamani?"

"Nani amekwambia?"

"Kule saluni. Pelo malo. Wanasema kila mara wanapoanza kunifungua."

Kihispania mimi sikijui. Mwanangu alikuwa akijifunza shuleni tangu darasa la kwanza, na rafiki zake nusu ni Wadominika. Pelo malo maana yake ni nywele mbaya. Kwa karibu miaka miwili mtoto wangu alikaa katika kile kiti akisikia nywele zake zikiitwa mbaya juu ya kichwa chake, na mimi nimekaa pembeni natabasamu, naitikia kwa kichwa, nikidhani anasifiwa.

Nilipandwa na hasira. Nilianza kusema habari za wale wanawake, lakini mtoto akanikatiza. "Hata wewe, Mama. Wewe husema zinakuchosha. Husema ni ngumu kama waya. Husema zikinyooka ndipo napendeza."

Haya ndiyo maneno niliyoahidi kuyaeleza. Niliyasema. Niliyasema nikiwa na usingizi, kitana mkononi, bila nia mbaya, kama wengi wetu tunavyoyasema na kama nasi tulivyoambiwa. Wale wanawake walisema kwa lugha ngeni. Mimi nilisema kwa lugha ya mama.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu. Nilimwomba mwanangu msamaha. Nilimwambia kwamba Yeye aliyezihesabu nywele hizi moja moja hakukosea alipozikunja. Hakunijibu. Alichukua taulo akajikausha mwenyewe, akaenda chumbani kwake. Msamaha wa mtoto hauji siku unayoutaka wewe.

Lilikotoka neno hilo

Baadaye nilitafuta kujua. Kule Jamhuri ya Dominika neno hilo ni la zamani, limetoka katika siku za utumwa, wakati kufanana na bwana kulikuwa ni kukaribia uhuru, na kufanana na Mwafrika kulikuwa ni kukaribia jembe. Dikteta Rafael Trujillo, aliyetawala kuanzia 1930 hadi 1961, alilikuza. Alitaka taifa lake lijione kuwa la Kizungu na tofauti kabisa na Haiti, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na damu ya Kihaiti kwa upande wa mama yake. Mwaka 1937 aliamuru Wahaiti wauawe kwa maelfu karibu na mpaka. Watu wakafundishwa hivyo kuogopa unywele wa kipilipili, kwa sababu ulikuwa ushahidi. Mama akamnyoosha binti, binti akamnyoosha mjukuu, na ufundi ukawa mkubwa kweli kweli.

Wapo Wadominika wanaolikataa. Mwaka 2014 dada mmoja wa huko, Carolina Contreras, alifungua saluni iitwayo Miss Rizos katika mji wa Santo Domingo, mahsusi kwa nywele za kujikunja, mahali pasipo na kunyooshwa. Na hapa kwetu, jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2019 inayokataza kumbagua mtu kazini au shuleni kwa sababu ya nywele zake za asili. Sheria ni nzuri. Lakini haifiki bafuni kwangu. Huko mlinzi ni mimi.

Tulivyoanza upya

Hatukuzikata zote kwa siku moja. Alikataa, nami niliona amekwisha kuamuliwa mambo ya kutosha. Tulikata kidogo kidogo kila baada ya miezi miwili, huku tukizisuka ili zile zilizoungua zisikatike ovyo. Ilichukua mwaka mmoja na nusu mpaka ncha ya mwisho iliyonyooka ikaanguka sakafuni.

Habari ya muda niliitatua kwa kupunguza ufundi. Mama yangu alikuwa na saa tatu. Mimi nina dakika 40. Basi nalowesha kwa maji, napaka mafuta ya kulainisha, nachambua kwa vidole kabla ya chanuo lenye meno mapana, kuanzia kwenye ncha kupanda kwenye shina, nasuka mabutu manane makubwa, basi. Wiki nikizidiwa, mume wangu ndiye anayechambua. Alianza kwa kutetemeka kama mtu anayetegua bomu. Sasa mtoto anasema mkono wa Baba ni mwepesi kuliko wangu.

Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi hatukukanyaga saluni, ingawa zilifunguliwa mwezi wa Juni 2020. Kisha Desemba 2021, binti yetu akiwa na miaka 11, aliniomba anyooshwe kwa ajili ya Krismasi. Moyo ulinipiga. Lakini nilimwuliza, "Kwa nini?" Akajibu, "Nataka tu kuona zimefika wapi." Nikaona hilo ni jibu la mtu asiyejichukia. Tukaenda, kwa msusi wetu yule yule.

Alipomfungua vifundo, yule mama aliguna na kulisema lile neno. Mwanangu akageuka kitini, akasema kitu kwa Kihispania, polepole, kwa adabu. Sikuelewa maneno, lakini niliona saluni ikinyamaza. Msusi aliweka brashi chini. Kisha akavuta nyuma nywele zake mwenyewe akatuonyesha paji la uso, pale pembezoni, palipokuwa pamebaki peupe. Alisema maneno marefu, na mwanangu akanitafsiria: "Anasema mama yake alianza kumnyoosha akiwa na miaka sita. Anasema hata yeye aliambiwa hivyo hivyo. Anaomba radhi."

Sikuwa na la kumlaumu. Alikuwa mama kama mimi, amesimama kwa miguu tangu saa moja asubuhi, akinirudishia neno nililokuwa nalo nyumbani.

Mambo ya kuzingatia

Ninyi mlioko Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa mtasema hayo ni ya Marekani. Lakini mashine ya upepo wa moto iko pia katika saluni ya mtaani kwenu, na joto halina uraia. Kwa hiyo pokeeni ushauri huu kutoka kwa aliyeunguza:

1. Mtoto mdogo hahitaji joto. Ngojeni afikie umri wa kuomba mwenyewe na kueleza sababu.

2. Iwe mara chache. Sisi sasa ni mara mbili au tatu kwa mwaka, si kila baada ya wiki mbili.

3. Mwache rola ifanye kazi kubwa. Mwambie msusi apunguze moto wa mashine ya mkono na asirudie rudie fungu moja. Pasi ya nywele isiguse nywele zilizolowa hata kidogo, kwa kuwa maji yaliyo ndani huchemka na kuupasua unywele.

4. Mafuta ya kukinga joto yapakwe kabla, na kitambaa kifunike masikio ya mtoto chini ya draya.

5. Maumivu si sehemu ya urembo. Akisema "naumia", simamisheni. Mkiona vipele au nywele zimepungua pembezoni, acheni kwa miezi kadhaa; hali ikiendelea mwoneni daktari wa ngozi.

6. Ulizeni kinachopakwa. Baadhi ya dawa zinazouzwa kwa jina la tiba ya keratini hutoa hewa ya fomalini zikipata moto, na hiyo inajulikana kuwa inaweza kusababisha saratani, kwa anayepakwa na kwa msusi anayeivuta kutwa nzima.

7. Kila mnapoosha, tazameni kama nywele zinajikunja tena mpaka kwenye ncha. Zisiporudi, hiyo ndiyo dalili yenu. Msiipite kama nilivyoipita mimi.

8. Chungeni ulimi mshikapo kitana. Nywele zilizoungua tulizikata zikaisha. Neno halikatwi kwa mkasi.

Leo binti yetu yuko sekondari. Amerudi kwenye maji, anaogelea na wenzake, na akitoka kichwa kinamchuruzika kama paka aliyenyeshewa, hajali. Kuna mwezi anasuka, kuna mwezi anaziacha wima, na ikifika Krismasi huenda kwa Wadominika wake, nami hulipa kwa furaha. Jumamosi iliyopita aliketi mkekani bila kuitwa, akanipa chanuo. Nilipofika kisogoni, mahali pagumu zaidi, nilisikia lile neno la zamani limenifikia kwenye ncha ya ulimi. Nililimeza. Nikamwambia, "Nywele zako ni nyingi, mwanangu. Leo tutachelewa kidogo."

"Najua, Mama," akasema. "Chukua tu muda wako."

Mungu awabariki, akina mama wenzangu, na aibariki mikono yenu juu ya vichwa vya watoto wenu.